Kwa nini kuzuia interferoni humsaidia panya kuondoa virusi sugu?

Swali: "Nasoma shahada ya uzamili Morogoro. Darasani tumefundishwa kwamba interferoni ndiyo silaha ya kwanza ya mwili dhidi ya virusi. Lakini katika makala za panya walioambukizwa LCMV, naona watafiti wanazuia kipokezi cha interferoni na virusi vinaisha mapema. Hapo napotea. Ni protini ileile? Na nikitaka kupanga jaribio la namna hiyo, niangalie nini?"

Jibu: Ni protini ileile, na mwalimu wako hakukosea. Interferoni za aina ya kwanza, yaani alfa na beta, hufanya kazi mbili kwa pamoja. Huiamuru kila seli ijifunge dhidi ya virusi, na papo hapo huwasha breki za kinga ili mwili usijiangamize wenyewe. Maambukizi yakidumu siku nane, unaiona kazi ya kwanza tu. Yakidumu miezi, kazi ya pili ndiyo inayotawala. Kwa hiyo ukifungua makala yoyote ya uwanja huu, kabla ya kuuliza ni protini gani iliyozuiwa, uliza ilizuiwa siku ya ngapi, kwa muda gani, na siku hiyo damu ilikuwa na virusi kiasi gani. Makala mbili zinazoonekana kugombana mara nyingi zinatofautiana kalenda tu.

Tuanze na virusi vyenyewe, maana bila kuvijua mengine hayaeleweki. LCMV ni virusi vya jamii ya arena, ndugu wa mbali wa virusi vya Lassa, na mwenyeji wake wa asili ni panya mdogo wa nyumbani. Vinajulikana tangu miaka ya 1930. Aina ya Armstrong, ukimchoma panya mzima wa C57BL/6 (ukoo wa kawaida wa panya wa maabara) tumboni PFU 200,000 (PFU ni hesabu ya virusi hai kwa njia ya madoa kwenye sahani ya seli), huisha kwenye damu na wengu kwa takriban siku nane. Aina ya pili, kloni 13, ilitenganishwa kutoka kwenye wengu wa panya waliobeba virusi tangu kuzaliwa, na taarifa yake ikatoka mwaka 1984. Ukimpa panya huyohuyo PFU milioni 2 za kloni 13 kupitia mshipa, virusi hukaa kwenye damu miezi miwili hadi mitatu, na kwenye figo hukaa zaidi ya hapo.

Tofauti kubwa kiasi hicho hutokana na mabadiliko machache mno ya asidi amino. Mawili ndiyo yenye uzito. La kwanza liko kwenye glikoprotini, nafasi ya 260, ambapo fenilalanini imekuwa lusini. Hilo huvifanya virusi vishike kwa nguvu zaidi kipokezi chake, alfa-distroglikani, na kuzivamia kwa wingi seli dendritiki, zile za kinga zinazoonyesha wenzao vipande vya virusi. La pili liko kwenye polimerasi, nafasi ya 1079, ambapo lisini imekuwa glutamini, nalo huongeza kasi ya kuzaliana. Uzuri wake kwa mtafiti ni kwamba vipande ambavyo seli T (seli za kinga zinazowinda seli zilizoambukizwa) huvitambua ni vilevile kwa aina zote mbili. Unalinganisha maambukizi yanayopona na yasiyopona ukitumia tetrama (vishikio vya maabara vya kutambua seli T) zilezile na peptidi zilezile. Mifano ya aina hii ni michache sana katika elimu ya kinga.

Sasa interferoni. Baada ya kuchoma kloni 13, interferoni-alfa hupanda kwenye damu ndani ya siku ya kwanza, kisha hushuka haraka hadi isionekane kirahisi kwa vipimo vya kawaida. Wengi hudanganyika hapo wakadhani habari imeisha. Jeni zinazoamriwa na interferoni hubaki zimewaka wiki nyingi baadaye, kwa sababu virusi bado vipo na kipokezi bado kinapata ishara ndogo ndogo. Kipokezi hicho, IFNAR, huamsha vimeng'enya JAK1 na TYK2, navyo huamsha STAT1 na STAT2. Miongoni mwa jeni zinazowashwa zimo zinazozuia virusi moja kwa moja, lakini kwenye seli dendritiki na makrofaji ishara hiyohiyo hupandisha PD-L1 na IL-10, breki mbili kubwa za seli T.

Mwaka 2013 makundi mawili ya watafiti yalichapisha kwa wakati mmoja jaribio unalolizungumzia. Walitumia kingamwili MAR1-5A3, inayoziba IFNAR. Panya waliozibwa kabla ya kuambukizwa walikuwa na virusi vingi zaidi siku za mwanzo, kama mwalimu wako angetarajia. Kisha mambo yakageuka: IL-10 na PD-L1 zilishuka, muundo wa wengu haukuvurugika sana, na virusi vikatoka kwenye damu wiki kadhaa mapema kuliko kwa wenzao. Hata kuziba baada ya maambukizi kukaa kulisaidia. Ila matokeo hayo yalihitaji seli T za CD4 (seli T wasaidizi) na interferoni-gama, ambayo ni protini nyingine yenye kipokezi kingine. Ukiziondoa, faida inapotea. Maana yake ni kwamba kuziba IFNAR hakuui virusi. Kunaondoa zuio, na kazi inafanywa na seli T.

Usichanganye kuziba kwa muda na kukosa kabisa. Panya aliyezaliwa bila IFNAR hashindi LCMV vizuri, hata zile aina ambazo mwenzake wa kawaida huzimaliza bila shida. Huyu hakuwahi kuwa na kizuizi cha mwanzo, na virusi vinazaliana mno kabla seli T hazijajipanga. Wanafunzi wengi huagiza panya wasio na jeni wakidhani ni toleo safi zaidi la jaribio la kingamwili. Hilo ni jaribio tofauti, lenye jibu tofauti. Alfa na beta nazo si kitu kimoja: kazi iliyochapishwa mwaka 2015 ilionyesha kwamba kuziba interferoni-beta peke yake kuliharakisha kupona, ilhali kuziba alfa hakukufanya hivyo, kwa sababu alfa ndiyo iliyokuwa ikizuia kusambaa kwa virusi mwanzoni.

Breki zenyewe zina historia yake. Seli T za CD8, zile zinazoua seli zilizoambukizwa, katika maambukizi ya kloni 13 hupoteza uwezo kwa mpangilio: kwanza zinaacha kutengeneza IL-2, kisha TNF, na mwisho kabisa interferoni-gama. Hali hii inaitwa uchovu wa seli T. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba seli hizo zimejaa PD-1 (kipokezi kinachoshikwa na PD-L1), na kwamba panya wakipewa kingamwili ya kuziba PD-L1, mikrogramu 200 kila baada ya siku tatu, kuanzia wiki ya tatu au ya nne ya maambukizi, seli huamka na virusi hushuka. Mwaka huohuo makundi mawili yalionyesha kitu kama hicho kwa IL-10: panya wasio na IL-10, au waliozibwa kipokezi chake, walimaliza virusi ambavyo wenzao walibaki navyo. Kuziba vyote viwili kwa pamoja kunazidi kuziba kimoja, kwa hiyo ni njia mbili tofauti.

Halafu kuna tahadhari ambayo ningependa kila mwenye kupanga jaribio aibandike ukutani. Panya wasio na PD-L1 tangu kuzaliwa, wakipewa kloni 13, hawaponi haraka. Wanakufa ndani ya takriban wiki moja. Seli T zisizo na breki hushambulia seli zilizoambukizwa, na kwa kuwa kloni 13 imeshaingia hadi kwenye kuta za mishipa ya damu, kuziua kwa kasi kunaiharibu mishipa yenyewe. Uchovu, kwa panya wa kawaida, ndio unaomweka hai. Jinsi alivyozaliwa panya nako kunatosha kubadili matokeo: panya wa NZB na FVB/N hufa kwa kloni 13 ilhali C57BL/6 hukonda tu kisha akaendelea kuishi, na kwa NZB kuziba IFNAR kunawaokoa.

Dozi nayo hufanya yaleyale, na hapa watu hukosea bila kujua. Kloni 13 kwa dozi ndogo sana huondolewa kama Armstrong. Kwa PFU milioni 2 hudumu. Kati ya hizo, karibu PFU 200,000 kupitia mshipa, panya wengi huugua vibaya na kufa, maana seli T bado zina nguvu wakati virusi tayari vimeenea. Kwa hiyo mtu akipima chupa yake vibaya kwa mara kumi, hapati "maambukizi sugu hafifu". Anapata mizoga, na huenda akaandika kwamba dawa yake ni sumu.

Si kila protini ya ishara ni breki. IL-21, inayotoka kwa seli T za CD4, ndiyo inayozishikilia CD8 zisife kabisa. Makala tatu za mwaka 2009 zilikubaliana juu ya hilo. Ndiyo maana ukiondoa CD4 kabla ya kuambukiza, kwa kingamwili GK1.5, kloni 13 hukaa kwenye damu karibu maisha yote ya panya. IL-6 huja tena baadaye, baada ya wiki ya tatu, na kuisukuma CD4 isaidie seli B kutengeneza kingamwili nzuri. Bila msukumo huo wa pili virusi haviishi. IL-7 ni kisa kingine: mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba mikrogramu 10 kila siku kwa wiki tatu, kuanzia siku ya nane, zilishusha SOCS3 (protini inayozima ishara) ndani ya seli T na kuondoa virusi, tena bila uharibifu wa viungo uliotarajiwa, kwa msaada wa IL-22. IL-2 ikitolewa mapema wakati seli zinaongezeka hudhuru, ikitolewa baadaye hufaa. Kalenda tena.

Mfano mmoja nje ya LCMV unafaa kujulikana Afrika Mashariki, kwa sababu ya minyoo. Virusi vya herpesi vya panya viitwavyo MHV68 hujificha ndani ya seli, na interferoni-gama ndiyo inayovizuia visiamke. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba panya mwenye virusi hivyo akipata minyoo ya utumbo, au mayai ya kichocho cha Schistosoma mansoni, IL-4 hupanda, STAT6 (protini inayobeba ishara ya IL-4) hushika mwanzo wa jeni ya kuamsha virusi, na virusi huamka. IL-4 iliviamsha pia virusi vya binadamu vya jamii hiyo, vinavyoleta sarkoma ya Kaposi, kwenye seli za maabara. Kwa watu wanaoishi kando ya Ziwa Viktoria, ambako kichocho na sarkoma ya Kaposi vyote ni vya kawaida, swali hilo lina uzito wake, ingawa kutoka kwa panya kufika kwa mgonjwa ni safari ndefu.

Na utumboni sheria ni nyingine kabisa. Norovirusi ya panya aina ya CR6 hudumu kwenye utumbo mpana, na inayoiondoa ni interferoni-lamda, hata kwa panya wasio na seli T wala B. Ukiwapa panya antibayotiki kabla, virusi vinashindwa kukaa, mradi kipokezi cha lamda kipo. Hapa interferoni ni tiba tupu, bila upande wa pili. Kwa hiyo usiseme "interferoni hudumisha virusi" kama kanuni. Sema interferoni ipi, dhidi ya virusi gani, ndani ya kiungo kipi.

Sasa jaribio lako. Chupa ya virusi ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko kitu kingine. Otesha kwenye seli za BHK-21 (za figo ya hamsta) kwa uwiano mdogo, kama kirusi kimoja kwa seli 100, na uvune baada ya takriban saa 48. Ukiweka virusi vingi, chembe pungufu zisizoweza kuzaliana zenyewe hujaa na kuvizuia virusi vizima, na siku ya kuchoma panya utapata maambukizi dhaifu. Kabla ya kutumia, soma mfuatano wa jeni kwenye nafasi ya 260 ya glikoprotini na ya 1079 ya polimerasi. Chupa za kloni 13 zilizochanganyika na Armstrong zipo, na hazijitangazi. Gawa kwenye vichupa vidogo, gandisha kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, na pima tena kichupa kimoja baada ya kugandisha, maana kipimo cha kabla ya friza hakina maana kwa panya.

Kuhesabu madoa: seli za Vero (za figo ya tumbili) kwenye sahani za visima sita, sampuli iliyopunguzwa mara kumi kumi, mikrolita 200 kwa kisima, acha ishike saa moja hadi moja na nusu, funika kwa agarosi, siku ya nne weka tabaka la pili lenye rangi nyekundu ya nyutro, hesabu siku ya tano. Ukianza na seramu iliyopunguzwa mara kumi, doa moja ni sawa na PFU 50 kwa mililita. Chini ya hapo huoni kitu, kwa hiyo andika "chini ya kiwango cha kipimo". Usiandike sifuri. Na ukitaka kudai kwamba dawa imeondoa virusi, toa na figo. Damu safi na figo chafu ni jambo la kawaida kwa kloni 13.

Siku ya kuchoma, pasha mkia joto mshipa utokee. Sindano ikitoka nje ya mshipa, nusu ya dozi hubaki chini ya ngozi na panya huyo atapona mapema kuliko wenzake. Mweke alama papo hapo, uamuzi wa kumtoa ufanyike kabla hujaona matokeo. Pima uzito kila siku: panya wa C57BL/6 mwenye kloni 13 hupungua sana kufikia siku ya nane au ya tisa, na asiyepungua hata kidogo kuna uwezekano hakuambukizwa sawasawa. Chukua damu siku ya tano au zaidi kidogo kuthibitisha, ndipo ugawe makundi ya tiba, ili kila kundi lianze na wastani unaofanana.

Kila kingamwili ya kuziba iwe na mwenzake wa kulinganishia, wa aina ileile na kutoka mnyama yuleyule, kwa dozi ileile. Uliza kiwango cha endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria), kwa sababu endotoksini nyingi huamsha interferoni na IL-10 zilezile unazozipima. Kosa lingine ni la hila zaidi: katika maambukizi sugu ya LCMV, damu hujaa mafundo ya kingamwili na antijeni, nayo hushika vipokezi vya Fc (vinavyoshika mkia wa kingamwili). Kazi mbili za mwaka 2015 zilionyesha kwamba kingamwili za kuua seli hushindwa katika hali hiyo. Kwa hiyo kuondoa CD4 kabla ya maambukizi hufaulu, ila kuziondoa siku ya 30 kunaweza kugoma. Hakiki kwenye damu. Kingamwili za kuziba tu haziathiriki namna hiyo.

Ukihamisha seli T za P14 (CD8 zinazotambua kipande cha virusi cha GP33) ili uzifuatilie, weka chache, elfu moja hadi elfu tano hivi. Ukiweka laki moja umeshabadilisha ugonjwa. Na unapochambua uchovu, usiangalie PD-1 peke yake, kwani seli iliyoamka jana nayo ina PD-1. Pima pamoja na TCF-1, kwa sababu seli zenye PD-1 na TCF-1 ndizo zinazojibu tiba ya kuziba PD-L1. Zisizo na TCF-1 hazina akiba ya kuzaliana. Seli zinazotambua kipande cha virusi cha NP396 karibu zote hufutika na kloni 13, ilhali za GP33 na GP276 hubaki zikiwa zimechoka. Ukitumia NP396 peke yake utasema hakuna mwitikio, na si kweli.

Panya wenyewe waulizwe historia. Norovirusi imeenea katika mabanda mengi ya panya wa utafiti, na panya aliyebeba CR6 ana msingi tofauti wa interferoni utumboni. Panya wasio na IL-10 huvimba utumbo wenyewe kadiri wanavyokua, kwa hiyo watumie wakiwa wadogo na ulinganishe na ndugu zao wa zizi moja, siyo na panya wa kununua. Na kwa kuwa uko Morogoro, najua utashawishika kutumia panya shamba, Mastomys natalensis, na virusi vya Morogoro vilivyotangazwa mwaka 2009, ambavyo navyo ni vya jamii ya arena. Ni wazo zuri, lakini kingamwili nyingi zilizotengenezwa kwa panya wa maabara hazina uhakika kwa Mastomys. Jaribu kwanza kama zinashika seli za wengu wake. Zisiposhika, anza na kupima RNA ya jeni za interferoni kwa PCR, ukichora vianzio kutoka kwenye mfuatano wa Mastomys mwenyewe.

Ukiulizwa kwenye utetezi wa andiko lako kama haya yanahusu VVU, jibu kwa uangalifu. Kwa nyani waliozibwa IFNAR wakati wa kuambukizwa SIV (ndugu wa VVU kwa nyani), mambo yalikuwa mabaya: akiba ya virusi ilikua na ugonjwa ukaenda kasi, taarifa ya 2014. Kwa panya waliopandikizwa kinga ya binadamu, wenye VVU na wanaopata dawa za kufubaza, kuziba IFNAR kulipunguza akiba, taarifa za 2017. Matokeo hayo hayapingani. Moja lilizuia siku za kwanza, lingine lilizuia baada ya virusi kufungwa na dawa.

Usalama usiuchukulie kirahisi. LCMV humwambukiza binadamu kupitia mkojo, vumbi la banda na sindano. Kwa mjamzito inaweza kuharibu ubongo na macho ya mtoto tumboni, na kwa waliopandikizwa viungo imeshaua. Fanya kazi ndani ya kabati la usalama katika maabara ya ngazi ya 2, panda ngazi ya 3 kwa kazi za kutoa mvuke au viwango vikubwa vya virusi, usirudishe kifuniko cha sindano kwa mkono, na mwambie mapema kila anayeingia kwenye chumba hicho kilichomo, akiwemo mfagizi.